Deni au Hisa: Mwongozo kwa Mtu Aombwaye Fedha na Benki

Ikiwa umepata kuletewa na benki waraka wa matarajio unaokualika ununue hisa zake mpya, au uikopeshe fedha zako kwa njia ya hatifungani, basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Maana aghalabu watu huuliza swali moja tu, nalo ni faida gani watakayopata, ilhali liko swali lililolitangulia hilo, ambalo wakurugenzi wa benki walilizingatia kabla waraka haujapigwa chapa, nalo ni kwa nini benki imekuja kwako kuomba deni badala ya kuomba ubia, au kuomba ubia badala ya deni. Mtu ajuaye jinsi benki inavyochagua baina ya njia hizo mbili anaweza kuusoma uchaguzi wenyewe kama ushahidi wa hali ya benki, na ushahidi huo aghalabu ni wa kweli kuliko maneno mazuri yaliyoandikwa katika kurasa za mwanzo.

Fedha mbili na tabia zake

Watu wa pwani yetu waliyajua mambo haya mawili tangu zamani. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja katika karne ya 19, aliwakopesha wafanyabiashara wa misafara ya bara, mmoja wao akiwa Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyeitwa Tippu Tip, na deni lile lilikuwa deni, pembe za ndovu zikipatikana au zisipatikane; ilhali baharia wa jahazi hakukatiwa ujira, bali alingoja nauli ikusanywe, gharama za chombo zitolewe, kisha kilichobaki kigawanywe kwa mafungu, safari ikiwa njema apate kingi, na ikiwa mbaya arudi kwao mikono mitupu. Mwenye hatifungani amekaa mahali pa Taria Topan; mwenye hisa amekaa mahali pa baharia.

Anunuaye hatifungani huikopesha benki kiasi maalumu kwa muda maalumu, naye huahidiwa riba iliyotajwa tangu mwanzo na kurudishiwa rasilmali yake siku ya mwisho. Hana kura katika mkutano mkuu, wala benki ikivuna faida iliyopindukia yeye hapati zaidi ya alichoahidiwa. Lakini benki isipomlipa kwa wakati wake, imevunja mkataba na yeye ana haki ya kuidai mbele ya sheria. Anunuaye hisa haahidiwi kitu: hupata gawio pale tu faida inapopatikana na wenye mamlaka wakaona yafaa kuigawa, hawezi kuidai benki imrudishie fedha zake bali hutafuta mnunuzi mwingine katika soko la hisa, na kwa kuwa amekubali kuwa wa mwisho kulipwa, amepewa haki ya kupiga kura na ya kuchukua kila kibakiacho baada ya wengine wote kutimiziwa haki zao.

Kutokana na tofauti hiyo latoka jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: deni huipatia benki fedha, lakini halibebi hasara yake maadamu benki ingali imesimama; hisa huipatia fedha, na hasara pia huibeba. Benki iliyopungukiwa na fedha za kukopesha yaweza kusaidiwa na deni. Benki iliyopungukiwa na nguvu za kuhimili hasara haisaidiwi na deni, hata likiwa kubwa namna gani.

Kwa nini benki si kama biashara nyingine

Mwenye kiwanda huanza na fedha zake mwenyewe, kisha hukopa ili kujazia. Benki iko kinyume, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha inazozitumia ni amana zetu, na amana ni deni tunaloidai benki, tena deni ambalo aghalabu twaweza kulidai siku yoyote tupendayo. Chukua benki yenye mali ya shilingi 100, yaani mikopo iliyoitoa, dhamana za serikali na fedha taslimu, na katika hizo shilingi 88 ni amana na madeni mengine, na shilingi 12 tu ndizo za wanahisa. Ikipata faida ya shilingi 2 kwa mwaka, wanahisa wamevuna karibu shilingi 17 kwa kila 100 waliyoitia. Sasa tuseme benki hiyo hiyo iliuza hisa nyingine hata fedha za wanahisa zikafika shilingi 24, na kwa hizo zilizoongezeka ikalipa shilingi 12 za deni lililokuwa likitozwa riba ya asilimia 5: tukiiacha kodi kando, faida itapanda hadi shilingi 2 na senti 60, kwa sababu riba imepungua, lakini pato la wanahisa litashuka hadi karibu shilingi 11 kwa kila 100. Hapo waona kwa nini wanahisa wa benki, pamoja na wakurugenzi ambao kazi yao hupimwa kwa pato hilo, hulipenda deni.

Lakini igeuze hesabu. Mikopo ya shilingi 15 ikiangamia, benki yenye shilingi 24 za wanahisa itabaki na 9 na milango yake itakuwa wazi, ilhali ile yenye 12 imekwisha kuwa mufilisi, na shilingi 3 zilizopungua ni za watu walioweka amana zao kwa kuiamini. Faida ya kupunguza hisa humwendea mwenye hisa, na hatari yake humfikia mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi. Ndiyo sababu dola hazikukubali kuwaachia wenye benki peke yao wachague kiasi cha deni na kiasi cha hisa.

Maswali matano yanayopimwa na benki

Swali la kwanza ni la sheria, na benki huanza hapo kwa kuwa hapana hiari. Kamati ya Basel, iliyoundwa na magavana wa benki kuu za nchi tajiri mwaka 1974, ilikubaliana mwaka 1988 kwamba mtaji wa benki usipungue asilimia 8 ya mali yake ikipimwa kwa uzito wa hatari: fedha iliyokopeshwa serikali ya nchi tajiri ilihesabiwa haina uzito, mkopo wa nyumba ya kukaa ulihesabiwa kwa nusu, na mkopo wa biashara ulihesabiwa wote. Baada ya benki kubwa za Ulaya na Marekani kuyumba mwaka 2008, kamati ilirejea kazini, na kwa mapatano ya mwaka 2010 ikataka angalau asilimia 4.5 iwe ni hisa za kawaida na faida isiyogawiwa, na juu yake akiba ya asilimia 2.5. Benki kuu za kwetu zimekuwa kali zaidi: Kenya imedai mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10.5 na mtaji wote usiopungua 14.5, na kwa Tanzania viwango vilivyozoeleka kwa miaka mingi ni 10 na 12.

Tazama vizuri pengo lililo baina ya namba hizo mbili, maana ndani yake mna siri ya uchaguzi mwingi. Mtaji wa msingi ni fedha za wanahisa na faida iliyolimbikizwa. Lakini sehemu iliyobaki, ambayo kwa Kenya ni shilingi 4 katika kila 100, yaweza kujazwa hata kwa deni la namna maalumu, yaani deni la muda mrefu ambalo mwenyewe amekubali kulipwa baada ya wenye amana na wadai wengine. Deni hilo, kwa kanuni ya Basel, liwe la miaka 5 au zaidi, na likiingia katika miaka yake 5 ya mwisho hesabu yake katika mtaji hukatwa humusi moja kila mwaka. Basi benki ambayo mtaji wake wa msingi ni mnene na mtaji wake wote ni mwembamba itachagua deni la namna hiyo, na benki ambayo mtaji wake wa msingi umekonda haina la kuchagua: ni hisa, au ni kuungana na mwenziwe. Jambo hili sasa limewafikia Wakenya kwa uzito, kwa kuwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2024 imeagiza kima cha chini cha mtaji wa msingi wa benki kipande hatua kwa hatua kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa mwaka 2029. Ukiona benki ndogo inatafuta wabia katika miaka hii, yaelekea sheria ndiyo iliyoisukuma.

Swali la pili ni kazi ya fedha zenyewe na muda wake. Amana zaweza kuondoka kesho, na mkopo wa nyumba au wa mtambo wa umeme wa jua hurudi kwa miaka mingi. Benki inayotoa mikopo mirefu kwa amana fupi inajitia katika hatari ya kuishiwa na fedha taslimu hali mali inayo. Hapo hatifungani huwa dawa, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuidai kabla ya siku yake. Benki ya NMB ya Tanzania ilipotaka kuwakopesha zaidi wanawake wafanyabiashara, ilitoa mwaka 2022 hatifungani ya Jasiri, ya miaka 3 kwa riba ya asilimia 8.5, ikaomba shilingi bilioni 25 na kupata zaidi ya bilioni 74. Na benki ya CRDB, ya nchi hiyo hiyo, mwaka 2023 ilitoa hatifungani ya Kijani, ya miaka 5 kwa riba ya asilimia 10.25, ili kukopesha miradi yenye kuhifadhi mazingira, ikaomba bilioni 40 na watu wakaleta karibu bilioni 172. Katika mambo haya mawili kilichotafutwa kilikuwa fedha zenye muda maalumu kwa kazi iliyotajwa, na kwa haja ya namna hiyo deni ndilo lililofaa.

Swali la tatu ni gharama. Riba huhesabiwa miongoni mwa matumizi na kutolewa kabla ya kodi, na gawio hutolewa katika kilichobaki baada ya kodi kulipwa; basi, kwa kodi ya mapato ya makampuni ya asilimia 30 iliyo Tanzania na Kenya, riba ya shilingi 12 humgharimu mwenye benki shilingi 8 na senti 40 tu, ilhali shilingi 12 za gawio ni shilingi 12 kamili. Fauka ya hayo, mwenye hisa hutaka pato kubwa kuliko mwenye deni kwa sababu amekubali hatari kubwa. Hata hivyo usidhani kwamba deni ni rahisi daima. Wanazuoni wawili wa Marekani, Franco Modigliani na Merton Miller, walibainisha mwaka 1958 kwamba, kama pasingekuwa na kodi wala gharama za kufilisika, thamani ya kampuni isingebadilika kwa kubadili mchanganyiko wa deni na hisa, kwa sababu kadiri deni linavyozidi ndivyo wanahisa wanavyozidi kudai pato ili kujilipa kwa hatari iliyoongezeka. Urahisi wa deni, basi, sehemu yake ni msaada wa kodi, na sehemu yake ni hatari iliyohamishwa kwa mtu mwingine.

Swali la nne ni mamlaka. Hisa mpya huleta wenye kura wapya, na wamiliki wa zamani huona sehemu yao inapungua. Kwa hiyo benki aghalabu hutangulia kubakiza faida yake bila kuigawa, na isipotosha huwauzia kwanza wanahisa waliopo, kila mmoja kwa kadiri ya hisa alizonazo, kama CRDB ilivyofanya mwaka 2015. Lakini pengine benki hukubali kwa moyo mkunjufu kuigawa enzi yake. Equity ya Kenya, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha kukopeshea nyumba na kuwa benki kamili mwaka 2004, iliiuzia kampuni ya uwekezaji ya Helios mwaka 2007 karibu rubu ya hisa zake kwa kiasi cha shilingi bilioni 11 za Kenya, na mwaka uliofuata ilivuka mpaka ikaingia Uganda. Benki inayokua kwa kasi namna hiyo huhitaji mtaji wa kuhimili makosa ya mahali papya, wala deni lisingeweza kuifanyia kazi hiyo.

Swali la tano ni wakati. Ikiwa hisa ambayo kwa vitabu vya benki ina thamani ya shilingi 100 inauzwa sokoni kwa 60, kuuza hisa mpya ni kuwadhulumu wanahisa wa zamani, na benki itangoja kama sheria inairuhusu kungoja. Vivyo hivyo, serikali inapokopa kwa riba kubwa, hatifungani ya benki italazimika kutoa riba kubwa zaidi ili ipate wanunuzi. Benki inayouza hisa kwa bei duni, ilhali yaweza kungoja, ina jambo linaloiharakisha, nawe una haki ya kuliuliza.

Deni lisipofaa

Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi, wakati hatifungani yake ya shilingi bilioni 2 ilikuwa imekwisha kuuzwa na ikingoja kuingia Soko la Hisa la Nairobi. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 iliwekwa chini ya usimamizi Chase Bank, ambayo ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ikusanye shilingi bilioni 4.8 kwa hatifungani. Walionunua walikuwa na waraka wenye idhini, riba nzuri na jina lenye sifa. Lakini mikopo ya ndani isipoonyeshwa ilivyo, fedha mpya za deni huiongezea benki muda tu, wala haziifutii hasara hata senti moja. Huu ndio msiba wa deni linaloombwa kwa haja ya hisa, na ndiyo sababu nakusihi usinunue hatifungani kwa kuitazama riba peke yake.

Yakupasayo kufanya kabla ya kutia sahihi

Kwanza, tafuta katika waraka mahali palipoelezwa matumizi ya fedha, usome mara mbili. Ikiwa zitakopeshwa kwa kazi iliyotajwa na kwa muda unaolingana na muda wa hatifungani, deni lina maana. Ikiwa maneno ni ya jumla, kama vile kuimarisha shughuli za benki, andika swali lako ulipeleke kwa wakala wa mauzo, nawe usitoe fedha mpaka ujibiwe.

Pili, zitazame hesabu za kila robo mwaka ambazo benki za Kenya na Tanzania hulazimika kuzitangaza. Tafuta uwiano wa mtaji wa msingi, uwiano wa mtaji wote, na kiasi cha mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati wake. Kisha toa katika mikopo hiyo fungu ambalo benki imekwisha kulitenga kwa ajili ya hasara, na kilichobaki ukilinganishe na mtaji wa msingi. Kikiwa ni sehemu kubwa yake, mathalan nusu, benki hiyo ina haja ya hisa kuliko deni, na ikiomba deni, aula ni kujizuia.

Tatu, ijue nafasi yako siku ya kufilisika. Mwenye amana hulindwa na bima hadi kikomo, ambacho kwa Kenya tangu mwaka 2020 ni shilingi 500,000. Mwenye hatifungani hana bima hiyo, na aliyekubali kulipwa nyuma ya wengine hungoja mpaka wengine wote waridhishwe. Mwenye hisa ni wa mwisho. Tena soma masharti neno kwa neno, kwa kuwa mwezi wa Machi mwaka 2023, benki ya Credit Suisse ilipochukuliwa na benki ya UBS huko Uswisi, hatifungani za namna maalumu zenye thamani ya faranga zipatazo bilioni 16 zilifutwa kabisa, hali wanahisa walipata kiasi cha bilioni 3; walionunua walidhani wako mbele ya wanahisa, na dola ilisema masharti ya hatifungani zile yaliruhusu zifutwe.

Nne, linganisha riba unayoahidiwa na ile ya hatifungani ya serikali yenye muda ule ule. Tofauti iliyopo ndiyo ujira wa hatari unayoibeba. Ikiwa ndogo mno hulipwi kwa hatari yako, na ikiwa kubwa mno waombaji wenyewe wanakiri kwamba hatari ni kubwa.

Tano, usitie fedha utakazozihitaji karibuni. Hatifungani za makampuni huuzwa kwa nadra katika masoko yetu, na hisa huuzwa kwa bei ya siku ile, si kwa bei uliyoitaraji.

Kwa Muislamu aepukaye riba, njia haikufungwa: hisa za benki zinazofuata sharia ni ubia wa faida na hasara, na sukuk hujengwa juu ya mali au muamala badala ya mkopo wa riba, kama ile ya Fursa iliyotolewa na KCB Tanzania mwaka 2022. Lakini maswali ya matumizi, mtaji na nafasi ya kulipwa ni yale yale, na uhalali wa muamala hauthibitishi uimara wa benki.

Ukiisha kupima hayo yote, uamuzi wako hautakuwa mgumu. Nunua hatifungani ya benki ambayo tayari ina nguvu ya kuhimili hasara na inatafuta fedha za kufanyia kazi. Nunua hisa za benki inayotafuta nguvu, ikiwa unaiamini kazi yake na waweza kungoja miaka. Na ile inayotafuta nguvu kwa njia ya deni, iache. Nawe ukiwa mwanahisa, hudhuria mkutano mkuu, na gawio nono likipendekezwa katika mwaka ambao mtaji wa msingi umeshuka, simama uulize kwa adabu kwa nini faida isibakizwe. Maana fedha zinazolindwa na mtaji huo ni za jirani zako walioweka amana, nao hawana kura katika chumba kile.